Kusoma Kadi ya Kliniki: Mwongozo wa Chanjo na Uchunguzi wa Afya ya Mtoto Tangu Kuzaliwa hadi Miaka Mitano

Mzazi yeyote aliyejifungua katika kituo cha huduma za afya Tanzania hutoka na kadi ya kliniki ya mtoto. Wengi huitunza vizuri, huifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuificha chini ya nguo kabatini, lakini ni wachache wanaoifungua na kusoma kilichoandikwa ndani. Huipeleka kliniki, humkabidhi muuguzi, hurudishiwa, na hurudi nacho nyumbani kitabu kile kile bila kujua mtoto amechanjwa nini, amebakiza nini, na mstari wa uzito wake unapanda au umeanza kulala. Mwongozo huu unamlenga mzazi huyo. Unafuata utaratibu wa Tanzania Bara, na unaeleza nini kifanyike katika kila hatua, kwa sababu gani, na wakati gani mzazi anapaswa kuuliza badala ya kusubiri kuambiwa.

Kabla ya kutoka wodini

Uchunguzi wa kwanza wa mtoto hufanyika saa chache baada ya kuzaliwa, na mama ana haki ya kuushuhudia. Mhudumu humpima mtoto uzito, humkagua kuanzia utosini hadi unyayoni, akiangalia kama kaakaa limefungamana, kama mgongo hauna uvimbe au uwazi, kama njia ya haja kubwa ipo, kama miguu imekaa sawa, na kama mapigo ya moyo na upumuaji ni wa kawaida. Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya kilo 2.5 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu na huhitaji uangalizi wa karibu zaidi. Kasoro kama nyayo zilizopinda hurekebishika kwa urahisi zaidi zikianza kutibiwa wiki za mwanzo, kwa kufungwa plasta hatua kwa hatua, kama inavyofanyika katika hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam. Mtoto akifichwa ndani kwa aibu mpaka aanze kutembea, kazi inakuwa ngumu mno.

Chanjo mbili hutolewa wakati huu. Ya kwanza ni BCG, inayochomwa kwenye bega la kulia ili kumkinga mtoto dhidi ya aina kali za kifua kikuu, hasa kile kinachoshambulia ubongo. Ya pili ni matone ya polio ya mwanzo, ambayo huandikwa kwenye kadi kuwa dozi ya sifuri na hutolewa ndani ya siku 14 tangu kuzaliwa. Kabla ya kuruhusiwa, fungua kadi na uhakikishe kwamba tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kuzaliwa na tarehe za chanjo hizo mbili zimeandikwa. Nafasi iliyoachwa wazi siku hiyo huwa vigumu kuijaza miezi sita baadaye, wakati muuguzi aliyekuwa zamu ameshahamia kituo kingine.

Wakati mwingine mama huambiwa arudi siku fulani kwa ajili ya BCG, na huondoka amekasirika akidhani amenyimwa huduma. Sababu yake ni hii: chanjo ya BCG huja ikiwa ungaunga ndani ya kichupa chenye dozi nyingi, na ikishachanganywa na maji yake inapaswa kutumika ndani ya saa 6 tu, kisha kinachobaki hutupwa. Ndiyo maana zahanati ndogo hukusanya watoto katika siku maalumu. Chanjo ya surua-rubela nayo iko hivyo hivyo. Ukiambiwa urudi, uliza siku na saa, uandike, na urudi kweli, kwa kuwa hapo ndipo watoto wengi hupotelea.

Wiki sita za mwanzo

Mama na mtoto wanapaswa kuonwa ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha kati ya siku ya 3 na ya 7, kati ya siku ya 8 na ya 28, na mara nyingine kati ya siku ya 29 na ya 42. Mahudhurio haya mara nyingi hukatizwa na desturi ya mama kukaa ndani siku arobaini, desturi ambayo ina wema wake kwa sababu humpa mama mapumziko na uangalizi wa ndugu zake. Hata hivyo, siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kuliko zote kwa uhai wa mtoto, na mapumziko hayo hayavunjiki kwa safari moja ya zahanati, au kwa kumwita mhudumu wa afya ngazi ya jamii afike nyumbani.

Katika wiki ya kwanza ni kawaida mtoto kupungua uzito, hata kufikia sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa, na kuurudisha kufikia wiki ya pili. Asipourudisha, tatizo mara nyingi liko kwenye namna anavyowekwa kwenye titi, na muuguzi anaweza kukuelekeza hapo hapo. Ngozi na macho kuwa ya manjano kidogo siku ya tatu hutokea kwa watoto wengi; yakianza siku ya kwanza, au yakifika kwenye viganja na nyayo, ni dharura. Kitovu kiachwe kikavu na kisafi, kisipakwe majivu, mafuta wala dawa ya kienyeji. Pepopunda ya watoto wachanga huingia kwa njia hiyo, na kinga yake huanza kwa mama mwenyewe kuchanjwa akiwa mjamzito.

Kama mama anaishi na virusi vya UKIMWI, mtoto anapaswa kuchukuliwa tone la damu kwa ajili ya kipimo anapofikisha wiki 4 hadi 6, kurudiwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18 au baada ya kuacha kunyonya. Kipimo cha kawaida cha kingamwili, yaani askari wa mwili wanaopambana na maradhi, hakifai kwa mtoto mchanga, maana huonyesha kingamwili za mama. Dawa za kinga anazopewa mtoto zisikatishwe kwa sababu tu anaonekana mwenye afya. Mwambie mhudumu hali yako mapema, kwa faragha, hata kama umejifungulia mahali tofauti na ulikohudhuria kliniki, kwani maamuzi kadhaa ya wiki hizi hutegemea taarifa hiyo.

Wiki ya 6, ya 10 na ya 14

Huu ndio uti wa mgongo wa ratiba yote. Katika kila moja ya mahudhurio haya matatu mtoto hupewa matone ya polio, sindano ya Penta kwenye paja la kushoto, na sindano ya PCV kwenye paja la kulia. Chanjo ya Rota, inayozuia kuhara kukali, hupewa kwa mdomo kuanzia wiki ya 6. Katika wiki ya 14 huongezwa sindano ya polio. Penta ni sindano moja yenye kinga ya magonjwa matano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib wanaosababisha homa ya uti wa mgongo na homa ya mapafu. PCV huzuia bakteria wengine wa nimonia na uti wa mgongo. PCV na Rota ziliingizwa kwenye ratiba ya Tanzania mwaka 2013, kwa hiyo bibi anayesema kwamba watoto wake hawakuchomwa sindano nyingi hivi anasema kweli. Kifaduro, nimonia na kuhara vilikuwepo wakati ule pia, na vilichukua watoto wengi.

Hesabu wiki, usihesabu miezi. Mtoto aliyezaliwa tarehe 1 Machi atafikisha wiki 6 tarehe 12 Aprili, wiki 10 tarehe 10 Mei, na wiki 14 tarehe 7 Juni. Akizaliwa Jumanne, wiki zake zote zitatimia Jumanne. Andika tarehe hizo tatu kwenye kalenda ya ukutani siku unayotoka wodini, kisha uliza siku za chanjo za kituo chako na uchague ile inayofuata mara tu baada ya wiki kutimia. Dozi za mfululizo zinapaswa kuachana angalau wiki 4, kwa hiyo kuwahi sana hakufai. Kuchelewa siku chache hakuharibu kitu, lakini kila wiki inayopita ni wiki ambayo mtoto hana kinga kamili. Kifaduro humuua zaidi mtoto aliye chini ya miezi sita kuliko mkubwa wake, na hiyo ndiyo sababu ratiba inaanza mapema hivi.

Wazazi wengi hushtushwa na kuona mtoto akichomwa sindano mbili au tatu siku moja. Mwili wa mtoto hukutana na vijidudu vingi kila siku kupitia hewa, ngozi na kila anachotia mdomoni, na chanjo za siku moja ni sehemu ndogo sana ya kazi hiyo. Kuzigawa ili achomwe moja moja kunaongeza safari na kunarefusha muda wa hatari bila faida yoyote.

Siku yenyewe ya kliniki

Mlaze mtoto mapema, mvalishe nguo zinazovuka kirahisi mapajani na begani, na umbebe na kadi, kanga ya ziada na nepi. Mnyonyeshe njiani na wakati wa kusubiri. Ukifika, mtoto hupimwa uzito kwanza, kwa kawaida kwenye mizani ya kuning'iniza yenye kaptula yake. Avuliwe nguo nzito na nepi iliyolowa, maana gramu mia mbili za nguo zinaweza kuficha mwezi ambao mtoto hakuongezeka chochote. Hakikisha mshale wa mizani uko kwenye sifuri kabla hajapandishwa, na usome namba mwenyewe.

Mtoto mwenye mafua, kikohozi kidogo, kuhara kwa kawaida au homa ndogo anapaswa kuchanjwa. Huu ni upande ambao hofu ya wazazi, na wakati mwingine ya wahudumu, huwanyima watoto chanjo bila sababu. Chanjo huahirishwa pale mtoto anapokuwa mgonjwa kiasi cha kuhitaji kulazwa, na huzuiliwa pale alipowahi kupata mzio mkali baada ya dozi iliyotangulia. Mtoto aliyezaliwa njiti huchanjwa kwa kufuata tarehe aliyozaliwa, si tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, isipokuwa daktari ameelekeza vinginevyo kuhusu uzito wake.

Wakati wa sindano, mkalishe mtoto mapajani pako, umkumbatie kwa nguvu ya upole huku mguu unaochomwa ukiwa umetulizwa, na umpe titi. Kunyonya wakati wa kuchomwa hupunguza maumivu kuliko kitu kingine chochote kilichopo katika chumba kile. Baba akiwepo, huyu ndiye mtu anayefaa kushika kadi na kuuliza maswali, maana mama wakati huo mikono na moyo wake viko kwa mtoto.

Kabla ya kuinuka, sema hivi: "Samahani nesi, leo amepata chanjo zipi, tutegemee nini nyumbani, na turudi lini?" Kisha angalia kadi: kila chanjo aliyopewa lazima iwe na tarehe yake, na tarehe ya kurudi iwe imeandikwa. Msongamano wa kliniki zetu ni mkubwa na muuguzi mmoja huhudumia foleni ndefu tangu asubuhi, kwa hiyo kosa la kusahau kuandika hutokea bila nia mbaya. Ukiliona papo hapo, husahihishwa kwa dakika moja. Usiondoke haraka pia. Subiri kama robo saa katika benchi la nje, kwa sababu mzio mkali, ingawa ni nadra sana, hutokea muda mfupi baada ya chanjo na unatibika ukiwa hapo kituoni.

Chanjo za mpango wa taifa hutolewa bila malipo. Ukitozwa fedha kwa ajili ya chanjo yenyewe, uliza kwa heshima unalipia nini, na ikibidi muulize mganga mfawidhi wa kituo.

Usiku wa kwanza baada ya sindano

Baada ya Penta, mtoto anaweza kupata homa, kulia zaidi ya kawaida, na paja kuvimba kidogo au kuwa jekundu. Hali hii huanza ndani ya siku moja na huisha ndani ya siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara nyingi, mpunguzie nguo, na weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi mahali alipochomwa. Usipasugue, usipake mafuta ya kuchua wala usikande kwa maji ya moto. Dawa ya maji ya parasetamoli hutolewa kwa kipimo cha miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto, ikiachanishwa angalau saa 6, na isizidi mara nne kwa siku. Kwa mfano, mtoto wa kilo 5 akipewa dawa yenye miligramu 120 katika mililita 5, mililita 2.5 zinamtosha. Mtoto ambaye hajafikisha miezi miwili asipewe dawa hii mpaka muuguzi ameelekeza, kwani homa katika umri huo inaweza kuwa na chanzo kingine. Aspirini asipewe kabisa.

BCG ina mwenendo wake. Wiki chache baada ya kuchomwa hutokea kipele, ambacho huweza kupasuka na kutoa usaha kidogo, kisha hukauka na kuacha kovu. Hiyo ni dalili kwamba mwili unafanya kazi. Kiachwe wazi, kioshwe kwa maji wakati wa kuoga, kisipakwe dawa wala kufungwa bandeji. Kinachohitaji kuonwa na mhudumu ni kidonda kinachoendelea kupanuka au uvimbe mkubwa kwapani. Chanjo ya surua-rubela nayo huweza kuleta homa na vipele vidogo siku 7 hadi 12 baadaye, wakati mzazi ameshasahau habari za chanjo.

Mrudishe mtoto kituoni mara moja, hata usiku, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Akilia mfululizo kwa zaidi ya saa tatu bila kubembelezeka, au homa ikizidi siku mbili, apelekwe pia. Usiseme kwa uhakika kwamba ni chanjo tu. Malaria haisubiri ratiba ya kliniki, na mtoto mwenye homa katika maeneo mengi ya nchi yetu anastahili kupimwa.

Mstari unaopanda

Sasa tufungue ukurasa wa mchoro, ambao kwa maoni yangu ni ukurasa wenye manufaa kuliko yote na unaopuuzwa kuliko yote. Mstari wa chini unaonyesha umri kwa miezi, wa pembeni unaonyesha kilo, na kila mwezi muuguzi huweka nukta pale umri na uzito vinapokutana. Nukta zikiunganishwa hupatikana njia ya mtoto wako. Kadi nyingi zina rangi ya kijani kwa hali nzuri, kijivu kwa hali ya kuangaliwa, na nyekundu kwa utapiamlo mkali. Wavulana na wasichana wana michoro tofauti, hivyo hakikisha kadi ni ya jinsia ya mtoto wako.

Jambo la kutazama zaidi ni mwelekeo wa njia hiyo. Mtoto mdogo wa umbo ambaye nukta zake ziko chini kidogo lakini zinapanda sambamba na mistari iliyochapwa anakua vizuri. Mtoto mnene aliyekuwa juu kabisa, ambaye kwa miezi miwili nukta zake zimelala kwenye usawa uleule, yuko katika shida ingawa bado yumo kwenye kijani na majirani wanamsifu. Mstari ukilala mwezi mmoja, uliza. Ukishuka, usitoke kliniki bila maelezo na mpango. Kwa makadirio, uzito wa kuzaliwa huwa maradufu katika mwezi wa tano au wa sita, na mara tatu anapotimiza mwaka.

Uzito peke yake hauonyeshi kila kitu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao, na wengi wao wana uzito unaoonekana wa kawaida kwa macho. Kwa hiyo omba mtoto apimwe urefu pia. Kuanzia miezi 6 omba kipimo cha mzunguko wa mkono kwa ule utepe wenye rangi: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri, na kuanzia 12.5 hali ni nzuri.

Uchunguzi wa makuzi haupaswi kuachwa. Mtoto hutabasamu akitazamwa karibu na wiki ya 6 hadi ya 8, hukaza shingo kufikia miezi 4, hukaa bila kuegemezwa kufikia miezi 9, na hutembea mwenyewe kabla ya miezi 18. Asiposhtuka kwa sauti kubwa, asipofuata uso wako kwa macho, au mboni ya jicho ikionekana nyeupe, hasa kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa mwanga, usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Mboni nyeupe inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho, na zote hutibiwa vizuri zaidi zikiwahiwa.

Miezi sita, tisa na kumi na nane

Baada ya wiki ya 14 hakuna sindano kwa miezi mingi, na benchi la kliniki huanza kupungua watu. Hapa ndipo mzazi makini hutambulika, kwa sababu katika miezi hiyo hiyo mtoto huanza kula, huanza kutambaa na kuokota, na utapiamlo huanza kuingia taratibu. Endelea kumpeleka kila mwezi kupimwa hadi atimize miaka miwili.

Akifikisha miezi 6 hupewa tone la vitamini A, uniti 100,000, na kuanzia mwaka mmoja hupewa uniti 200,000 kila baada ya miezi sita hadi anapokaribia miaka mitano. Dawa ya minyoo huanza akiwa na mwaka mmoja. Huduma hizi hutolewa kwa kampeni kila mwaka, mwezi wa Juni na wa Desemba, lakini mtoto aliyekosa kampeni anaweza kuzipata kituoni.

Miezi 9 huchomwa dozi ya kwanza ya surua-rubela, na miezi 18 dozi ya pili. Surua haichanjwi mapema zaidi kwa kuwa kingamwili alizorithi mtoto kutoka kwa mama yake huizuia chanjo isifanye kazi. Na hata akiwa na miezi 9, watoto takriban 85 tu kati ya 100 hupata kinga kwa dozi ya kwanza. Dozi ya pili ni kwa ajili ya wale waliobaki, na hakuna anayeweza kujua kwa kumtazama kama mtoto wake ni mmoja wao. Surua huambukiza kwa kasi inayozidi karibu magonjwa yote tunayoyajua: mtu mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Kwa hiyo mtaa ukiwa na watoto wachache tu ambao hawakuchanjwa, ugonjwa huwapata. Mtoto wa tarehe 1 Machi tuliyemtaja atachomwa tarehe 1 Desemba, na tena tarehe 1 Septemba ya mwaka unaofuata. Katika hudhurio la miezi 9 uliza pia kuhusu chandarua chenye dawa, ambacho mtoto anastahili kupewa akipata chanjo hiyo.

Katika umri huu wa kuota meno huja pia ushauri wa hatari. Mtoto akiharisha na kupata homa, wapo watakaosema ana "meno ya plastiki" yanayopaswa kung'olewa kwenye ufizi, na akikohoa kwa muda mrefu watasema akatwe kimeo. Ufizi huo una meno ya kweli ya mtoto, na kimeo ni sehemu ya kawaida ya koo. Vitendo hivi huleta kutokwa damu, maambukizi na hata kifo, huku nimonia au malaria iliyokuwa chanzo ikiendelea bila tiba. Mjibu mkubwa wako kwa adabu, kisha mpeleke mtoto zahanati.

Ukichelewa, ukihama, kadi ikipotea

Mtoto aliyekosa dozi haanzi upya. Huendelea pale alipoishia, na dozi zilizobaki huachanishwa wiki 4. Chanjo ya Rota ndiyo yenye ukomo wa umri ulio karibu zaidi, kwa hiyo muulize muuguzi. Usikae nyumbani kwa kuogopa kukemewa. Ukikemewa, vumilia dakika ile na mtoto apate chanjo yake.

Kadi ikipotea, nenda kwenye kituo alichochanjiwa, kwa kuwa kila chanjo huandikwa pia kwenye rejista ya kituo, na watakuandikia nyingine. Njia rahisi zaidi ni kupiga picha kila ukurasa kwa simu kila baada ya kliniki na kumtumia baba, shangazi au bibi. Wanaohama kufuata mifugo, mashamba au uvuvi waulize siku za huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanapozifuata jamii zilizo mbali na kituo, huko waendako. Wanaovuka mpaka wabebe kadi yenyewe: Kenya, kwa mfano, ina ratiba inayofanana na yetu kwa sehemu kubwa, lakini tangu mwaka 2019 imekuwa ikitoa chanjo ya malaria kwa watoto wa maeneo ya magharibi mwa nchi hiyo, na mhudumu wa huko atahitaji kujua mtoto ameshapata nini.

Ikitangazwa kampeni ya chanjo, mpeleke hata kama kadi yake imejaa. Tanzania ilithibitishwa kuwa imeondokana na polio mwaka 2015, lakini mwaka 2023 kirusi cha polio cha aina ya pili kiligundulika mkoani Rukwa na watoto wa mikoa ya jirani wakapewa matone. Dozi ya nyongeza haimdhuru mtoto aliyekamilisha ratiba.

Kuanzia miaka miwili

Mahudhurio sasa yanaweza kupungua, ila uzito, urefu, vitamini A na dawa ya minyoo viendelee hadi miaka mitano. Mtoto wa miaka miwili anapaswa kuunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Asipofanya hivyo, aanze kwa kupimwa masikio. Kama hana cheti cha kuzaliwa, zahanati nyingi na ofisi za kata husajili watoto wa chini ya miaka mitano bila malipo chini ya mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na ni vyema kumaliza jambo hilo katika safari ile ile ya kliniki.

Usiitupe kadi mtoto akianza shule. Binti akifikisha miaka 9 hadi 14 hupewa chanjo ya HPV inayomkinga na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu, na tarehe yake iandikwe na kuhifadhiwa pamoja na zile za utotoni.